Nyoka Tuliyemnywesha

Nilipokuwa mtoto, nyuma ya nyumba yetu kule Kambi Muru tulikuwa na nyoka tuliyemnywesha maji kila jioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Hatukuona ajabu. Kibera kulikuwa na wengi tuliowahudumia bila kuwaona, mwenye ploti akiwa wa kwanza.

Nyoka huyo aliletwa Nairobi na Kukhu, nyanya yangu mzaa mama. Kukhu alitoka kwenye milima ya Magharibi, mahali ambapo, kwa maelezo yake, shamba linaweza kulala kwako na kuamkia kwa jirani. Babu alipofariki mama alimleta aishi nasi, naye akaja na gunia la wimbi, shuka zake na imani yake nzima bila kuacha kipande nyumbani. Alitufundisha kwamba ndani ya kila mteremko mna nyoka mkubwa, na kwamba nyoka huyo hana ubaya na mtu. Shida yake ni kiu. Mvua ikinyesha anausikia mto ukivuma bondeni, anataka kwenda kunywa, na akianza safari anaondoka na mlima wote mgongoni.

"Sasa mwenye kiu utamfanyaje?" aliniuliza. "Si unampelekea maji hapo alipo, asione haja ya kutoka?"

Niliridhika kabisa. Leo nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari huko Gatina, na kazi yangu ni kutafuta kasoro katika maelezo ya watu, lakini nikiwa mkweli sioni mahali ambapo hoja ile inavunjika. Ukikubali kwamba nyoka yupo, mengine yote yanafuata.

Ploti yetu ilikaa juu ya genge linaloshuka hadi mtoni. Kulikuwa na safu mbili za vyumba vya udongo na mabati. Sisi tulikuwa safu ya juu, milango yetu ikitazama njia na migongo yetu ikitazama mto. Nyuma yetu palikuwa na uwanja mwembamba wa kuanikia nguo, kisha ardhi ilikatika ghafla, kimo cha watu wazima wawili, na chini ya ukuta huo wa udongo ndipo ilipokuwa safu ya pili. Ardhi yenyewe haikuwa ardhi ya kusema. Ukichimba kidogo ulitoa mifuko ya plastiki, soli za viatu na magunzi ya mahindi ya watu waliohama kabla hatujazaliwa. Mtu alikuwa amemwaga takataka pale, mwingine akamwaga udongo juu yake, wa tatu akajenga.

Ufa ulitokea kwenye ule uwanja wa nguo, mwanzoni mwa mvua za masika. Ulikuwa mwembamba, unaweza kuingiza kidole tu, lakini ulikwenda mrefu sambamba na nyumba yetu na kupinda kidogo kwenye ncha zote mbili. Watu wengine wangeleta udongo wakauziba. Kukhu aliinama, akauangalia kwa muda, akauita mdomo.

Kuanzia siku hiyo ikawa kazi yangu. Kukhu alipoosha wimbi wake, maji yale meupe yenye unga hayakumwagwa mtaroni. Nilipewa kwenye bakuli nikayamimine ufani polepole, nikisema kwa sauti ya heshima, "Kunywa, ukae." Ufa ulikunywa. Nilisimama pale nikiona maji yakitoweka na nikahisi kwamba nimekabidhiwa jambo kubwa.

Majirani walicheka kwa siku chache. Kisha wakagundua faida yake. Mtaro wa maji machafu ulikuwa mbali, na ilibidi upite mbele ya vyumba vya watu na beseni lako huku wakikuambia usiwachafulie mlango. Ufa ulikuwa hapo karibu. Mama mmoja akamwaga maji ya kufulia, akasema naye anamnywesha nyoka wa Kukhu. Mwingine akamwaga ya vyombo. Mama yangu, ambaye alifulia watu nguo na alikuwa na maji mengi kuliko wote, alimuuliza Kukhu kama nyoka anajali sabuni. Kukhu alifikiri, akasema mwenye kiu hachagui. Ploti nzima ikawa na dini.

Chini yetu, mgongo wake ukigusa ukuta wa udongo, aliishi Baba Otieno na familia yake. Alikuwa fundi wa vitanda, mtu mcheshi, mrefu, mwenye penseli sikioni hata siku ya kanisa. Mwanawe Otieno alikuwa amemaliza shule na kupata kibarua cha usiku kwenye kiwanda kimoja Industrial Area, na hapo ndipo ugumu ulipoingia. Kwa Wajaluo kijana aliyekomaa halali chini ya paa moja na wazazi wake. Anajengewa nyumba yake ndogo, ambayo huiita simba. Nyumbani kwao kando ya ziwa nafasi ilikuwepo. Kambi Muru nafasi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ndani ya genge. Baba Otieno alichukua jembe na sururu akaukata ule ukuta wa udongo kando ya chumba chake kuelekea ndani, akapata pango la mraba, akaweka nguzo, akaweka mabati, akaweka mlango mzuri wa mbao alioutengeneza mwenyewe. Otieno akawa na simba yake. Tulikwenda kuitazama kama watu wanaotazama gari jipya.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: sisi Waluhya tulikuwa juu tunamnywesha, nao Wajaluo walikuwa chini wanamkata miguu. Kila upande ulifuata mila yake vizuri sana.

Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo. Mlango wa Otieno ukaanza kukwama. Baba yake akaleta randa, akaulaza juu ya stuli, akaupunguza ubavuni, na sisi watoto tukaokota maranda ya kuwashia moto. Kukhu alikuja hadi ukingoni mwa uwanja akamwangalia kutoka juu. Hakuwa anateremka kule chini kwa sababu ya magoti.

"Baba Otieno," akasema, "kwetu mlango ukikataa kufungwa, watu wanatoka. Nyoka ameuegemea."

"Kukhu, hii ni mvua tu. Mbao inakunywa maji, inafura. Jua likiwaka itarudi."

"Ameuegemea."

"Na huyo nyoka wa Waluhya anasukumaje mlango wa Mjaluo?" Alicheka, na watu waliokuwa wakianika nguo wakacheka pia.

"Huyo hana kabila," Kukhu akajibu, akarudi kwenye wimbi wake.

Baba Otieno alikuwa fundi na alijua mbao kuliko mtu yeyote pale. Nadhani hilo ndilo lililomponza. Mlango ulipokwama tena aliupunguza tena, safari hii chini. Ulipokwama mara nyingine alikwangua pembe ya juu. Mwishowe ukifungwa uliona mwanga mpana upande mmoja, ilhali upande wa pili umebana hadi unalia. Mimi nilikuwa dhaifu wa hesabu, lakini hata mimi niliona kwamba ule si mraba tena. Yeye aliendelea kuurekebisha mlango. Kilichokuwa kimepinda ni fremu, na fremu ilikuwa imeshikwa na genge.

Darasani huwa naeleza mambo haya kwa Kiingereza, maana ndivyo mtihani unavyotaka. Nikiona macho ya wanafunzi yamezima nawageuzia Kiswahili. Nawaambia udongo haushuki mteremko kwa namna moja. Kuna unaotambaa, polepole mno, unaujua tu kwa kuona nguzo za ua zimeinama. Kuna unaotiririka kama uji. Kuna mawe yanayoanguka tu. Na kuna udongo unaoketi, kama mzee anavyojishusha kwenye kiti kifupi: juu unazama na kurudi nyuma, chini unasukuma magoti mbele. Huo huanza na ufa uliopinda kule juu. Unaongezewa mzigo na maji, halafu mtu anauondolea kitu kilichokuwa kinaushikilia chini. Wanafunzi huandika. Hawajui kwamba namweleza nyoka wangu.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika. Ilikuwa alasiri, nimetoka shule, jua limewaka kidogo na kila mtu ameanika. Nilipewa maji ya wimbi kama kawaida. Nikamimina. Siku nyingine ufa ulikunywa taratibu. Siku hiyo ulimeza yote mara moja, na kule chini nikasikia sauti ya maji yakianguka mahali penye nafasi. Niliingiza mkono wangu kutazama. Uliingia hadi kiwikoni.

Nilikimbia kwa Kukhu nikamwambia nyoka amekunywa yote na kinywa chake kimekuwa kikubwa.

"Mvua imekatika?" akauliza, ingawa alikuwa amekaa juani.

"Imekatika."

"Basi sasa anausikia mto vizuri." Akauweka ungo wake chini. "Mlango wa Otieno uko aje?"

Nikamwambia asubuhi niliona Otieno akitoka kazini, akaingia kulala, na babake akamsukumia mlango kwa bega ndipo ukafungwa. Kukhu akasimama. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu alishika njia ya kuteremka, yeye na magoti yake, nami nyuma yake, akijishikilia kwenye kamba za nguo na kuangusha shuka za watu kwenye tope bila kuomba radhi.

Mama Otieno alikuwa nje ya chumba chake akichambua mboga. Kukhu hakumsalimia.

"Mtoe kijana."

"Amelala, Kukhu. Si unajua ni wa nait."

"Mtoe. Na nyinyi wote, tokeni! Tokeni ndani!"

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Wanawake wa safu ya chini walitoka, wengine kwa hofu na wengine kutazama ugomvi, lakini walitoka na watoto wao. Mama Otieno alikwenda kwenye simba akabisha. Akaita. Otieno akaamka, tukamsikia akisukuma.

"Mathe, umefunga na nje?"

"Sijafunga! Sukuma!"

"Haiendi!"

Maji yaliyokuwa yakitoka chini ya ukuta wa genge siku zote yalikuwa safi kidogo. Nikaona yamegeuka rangi ya chai. Nguzo moja ya simba ikatoa mlio. Mama Otieno alisimama mkono wake ukiwa juu ya mlango, na nilimwona anafikiri. Mama haingii simba ya mwanawe. Ni mwiko unaojulikana na kila mtoto wa Kambi Muru, hata sisi tusiokuwa Wajaluo, na ukiuvunja unamwitia mtoto wako mkosi. Mumewe alikuwa kazini. Pale hapakuwa na mwanamume.

"Ingia!" Kukhu akampigia kelele.

"Kukhu, si unajua hiyo haifanywi."

"Ingia umtoe!"

Mama Otieno alishika ukingo wa bati lililokuwa kando ya mlango akalivuta kwa mikono mitupu. Misumari iling'oka na bati likamkata kiganja hadi mfupa ukaonekana. Akaingia kwa kichwa. Kwa muda tuliona miguu yake tu. Kisha akatoka kinyumenyume akimburuta kijana aliyemzidi urefu na uzito, amevaa suruali ya ndani pekee, bado usingizi umemjaa usoni. Waliangukia njiani. Kukhu alikuwa ameshaanza kuwakokota kando.

Genge likaketi. Sina neno lingine. Halikupiga kishindo kama watu wanavyodhani. Uwanja wa nguo ulizama taratibu ukiwa na kamba zake na mashati yake yamesimama wima, na chini udongo ukafura, ukaivunja simba kama mtu anavyovunja kiberiti, ukasukuma safu yote ya chini hadi nusu yake ikaingia mtoni. Ukuta wetu wa nyuma ulikwenda nayo. Kutoka chini niliweza kuona kitanda chetu, sufuria zetu na kalenda ya mama ukutani, kila kitu mahali pake.

Hakuna aliyekufa. Nasema hivyo haraka kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza. Watu wa safu ya chini walipoteza kila walichokuwa nacho isipokuwa roho zao, na roho hizo walimhesabia Kukhu. Walikuja kumshika mkono. Walimuuliza nyoka amekwenda wapi, naye akawaonyesha mto kwa kidevu. "Amefika," akasema.

Baba Otieno alirudi jioni. Alizunguka kwenye tope, akaupata mlango wake umelala juu, mzima. Aliufuta kwa mkono wa shati akautazama kwa muda mrefu, pembe kwa pembe. Baadaye wazee wao walisema lazima pafanywe jambo kwa vile mama ameingia simba. Baba Otieno aliwajibu kwamba mkewe aliingia kwenye udongo, na simba haikuwepo tena. Sikujua wakati huo kwamba kwa mtu mkali wa mila kama yeye, kusema hivyo kulikuwa kitu kikubwa.

Sisi tulihamia Kawangware, upande wa Kabiro, kwenye chumba cha mawe. Kukhu alikuja na heshima yake. Mtu kutoka Kibera akitutembelea, mgeni ndiye aliyeianza hadithi ile, na Kukhu alikaa akisikiliza kama mtu anayesomewa wasifu, kisha akaimalizia mwenyewe.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni tulifundishwa kuhusu miteremko. Mwalimu alichora ufa uliopinda, akachora mishale ya maji ikiingia ndani yake. Maji yanaongeza uzito. Maji yanalainisha. Maji yaliyojaa ufani yanasukuma. Nilirudi nyumbani wikendi hiyo nikiwa na furaha ya ujinga ya mtu aliyejua jambo, na nilimweleza Kukhu kila kitu akiwa anapepeta, pamoja na mchoro nilioufanya kwa kidole kwenye unga.

Hakubisha. Aliuliza swali moja tu.

"Hata yale ya wimbi?"

"Hata yale, Kukhu. Na ya sabuni ndiyo yalikuwa mengi."

Ungo ukatulia magotini.

"Kwa hivyo ni mimi."

Niliona nilichofanya. Nikaanza kukimbilia huku na huko: mvua ilikuwa nyingi, ardhi ilikuwa takataka, mto ulikuwa unakula chini, na hata Baba Otieno alilikata genge amjengee mtoto simba.

"Baba Otieno hakujua," akasema. "Mimi ndio nilisema najua."

"Lakini ni wewe uliwatoa, Kukhu. Ule mlango, mimi sikuukuta kwenye kitabu chochote."

"Nafula," akaniita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Nenda upike chai."

Nilipika chai. Nilikuwa na huzuni na hasira kwa wakati mmoja, hasira kwa mwalimu, kwa mchoro, kwa mdomo wangu. Kwa wiki nyingi Kukhu hakusimulia hadithi ya Kambi Muru hata alipoombwa. Nilidhani nimemnyang'anya hadithi yake.

Nyuma ya ploti yetu ya Kabiro pia kulikuwa na mteremko, si mkali, unaoshuka hadi kijito. Mvua zilipokuja nilimkuta Kukhu nje na jembe, ameinama, anachimba mtaro juu ya mteremko ili maji ya mapaa yazunguke yapite kando. Nilimwambia aache nitamlipa kijana afanye. Aliniambia nitoke njiani. Sikumuuliza kama bado anaamini kuna nyoka. Aliusafisha mtaro huo kila msimu hadi mwaka aliofariki, na mara kwa mara nilimwona ameketi kwenye ngazi akiwaeleza watoto wa ploti jambo fulani, lakini akiniona napita aliacha hadi nipite.

Ni miaka mingi sasa tangu afariki. Majuzi tu, masika haya, nilikuwa nikitoka shule na vitabu vya kusahihisha chini ya kwapa. Nyuma ya ploti yetu ileile ya Kabiro kulikuwa na msichana mgeni, familia yake imehamia mwezi huu, amebeba karai la maji ya vyombo. Alikuwa karibu kulimwaga kwenye mteremko. Mvulana wa jirani, ambaye Kukhu alikufa kabla hajazaliwa, akamrukia.

"Wee! Usimwage hapo! Peleka mtaroni!"

"Kwani kuna nini?"

"Kuna nyoka. Hapewi maji."

Nilisimama. Mimi ni mwalimu na mambo kama haya ni kazi yangu. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimweleze mtoto huyo kuhusu uzito na msukumo wa maji.

"Na akisikia kiu?" msichana akauliza.

"Aende mtoni kama wengine," mvulana akasema. "Kuna Kukhu mmoja alimpea maji kule Kibra, akadhani anamsaidia. Akaangusha nyumba za watu. Huyo Kukhu mwenyewe ndio alisema hapewi tena."

Msichana alilibeba karai lake hadi mtaroni, akamwaga huko. Nilihamisha vitabu kwapa la pili, nikaingia ndani, nikaufunga mlango, nikausikiliza kama umefungika vizuri.